Mama Pima bila mizani: Kimea, kopo na sheria ya pombe Isiolo

KOPO la kilo moja na nusu la rojo ya kimea likishushwa kutoka kwenye buti la basi mjini Isiolo, halina pombe hata tone moja. Ni tamu, ni zito kama asali, na mwokaji mikate anaweza kulinunua bila kuulizwa neno. Katika orodha ya ushuru wa forodha, kimea kimo katika sura ya 11 pamoja na unga na wanga, rojo yake imo katika sura ya 19 pamoja na vyakula vilivyotayarishwa kutokana na nafaka, nayo bia haitajwi hadi sura ya 22. Baina ya sura hizo hakuna zaidi ya ndoo ya maji, kijiko cha hamira na siku chache za subira.

Katika soko la mji huohuo, mama mmoja hupima kimea cha wimbi kwa gorogoro na kummiminia mteja katika mfuko. Hicho nacho si pombe. Mnunuzi mmoja atakisaga na kukitia katika uji wa mtoto ili uji uwe mwepesi na mtamu. Mwingine atakipeleka nyumbani kupikia busaa. Muuzaji haulizi, na kwa hakika hana sababu ya kuuliza.

Bidhaa hizi mbili ni ndugu. Hata hivyo, ya kwanza huja na karatasi inayoeleza uzito, tarehe na yaliyomo, ilhali ya pili huja na neno la muuzaji tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokosekana katika mjadala wa pombe nchini Kenya, mjadala uliochacha upya baada ya sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya kuzinduliwa Julai 2025. Sera hiyo ilipendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21 na mauzo ya pombe kupitia mtandao yapigwe marufuku. Mtu anayeagiza rojo ya kimea kwa simu yake haagizi pombe, hivyo pendekezo hilo halimgusi. Mama wa busaa hauzi mtandaoni, naye vilevile halimgusi, isipokuwa siku chifu na askari watakapobisha hodi.

Isiolo ni mahali pagumu pa kuzungumzia suala hili, na pengine kwa sababu hiyo panafaa. Mji huu ulikuwa lango la iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Wanajeshi Wasomali waliotumikia Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makao hapa, na leo wanaishi pamoja na Waborana, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Waislamu ni wengi, na kwao pombe ni haramu iwe imetengenezwa kiwandani au chini ya mti. Pamoja na hayo, kuna jirani zao ambao hawawezi kufikiria harusi, mavuno au kikao cha wazee bila chungu cha busaa. Mji mmoja una watu wanaotaka baa zote zifungwe na watu wanaolipa karo kwa fedha za kinywaji. Wote hununua kimea katika soko moja, wengine kwa ajili ya uji.

Mpishi na mnywaji walikwisha kupewa jina na Wakenya zamani. Mwanamke anayeuza kinywaji nyumbani kwake huitwa Mama Pima, kwa kuwa huuza kwa kupima, glasi baada ya glasi au kikombe baada ya kikombe. Jina hilo lina kejeli ambayo labda haikukusudiwa. Mama Pima hupima wakati wa kuuza. Wakati wa kupika hutumia jicho, ulimi na mazoea aliyorithi, kwa sababu hana mizani wala kipimajoto, na hakuna aliyewahi kumtaka awe navyo.

Sheria nayo imemfuata kwa njia iyo hiyo. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, ambayo ilidumu kwa miaka 30 bila kuimaliza chang'aa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, iliyofahamika zaidi kama Sheria ya Mututho kwa sababu ya mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, aliyeiwasilisha. Ilianza kutekelezwa Novemba mwaka huo, ikafuta ile ya 1980, ikahalalisha chang'aa kwa masharti, na kuweka saa za baa. Vinywaji vikali vilitakiwa vifungwe katika chupa za glasi zisizopungua mililita 250, nayo mifuko midogo ya plastiki ikakatazwa.

Lengo la chupa lilikuwa zuri. Mfuko wa shilingi chache ulikuwa unaingia hadi shuleni. Lakini tazama kilichopimwa hapo: ni chombo. Sheria ilidai leseni ya kutengeneza, leseni ya kuuza na leseni ya kuagiza, na kwa Mama Pima mwenye sufuria moja mlango huo ulikuwa sawa na ule wa mwenye kiwanda. Kwa kuwa hakuweza kuupita, alibaki nje alikokuwa tangu 1980, na pombe yake ikabaki bila mtu wa kuichunguza.

Ni vyema hapa kutenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa kila mara maafa yanapotokea. Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walikufa katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa namna hiyo katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Februari 2024 watu 17 waliripotiwa kufa katika Kaunti ya Kirinyaga, na mwezi uliofuata Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akatangaza hatua 25 za kupambana na pombe haramu na dawa za kulevya.

Methanoli inayoua kwa kiasi hicho haitoki katika kimea. Nafaka ikichachuka kwa hamira hutoa ethanoli, na methanoli inayoambatana nayo ni chembe ndogo isiyoweza kupofusha mtu. Sumu hiyo ni kemikali ya viwandani, na huingia katika kinywaji kwa mkono wa binadamu anayetaka kuongeza makali kwa gharama ndogo. Busaa, ambayo kwa kawaida huwa na alkoholi ya asilimia mbili hadi nne hivi, haimo katika kundi hilo, na bia ya nyumbani iliyopikwa kwa rojo ya kimea haimo pia. Hata hivyo, kila msako unapoanza, mapipa yanayomwagwa kwanza ni ya busaa, kwa sababu ni makubwa, yananuka, na mwenyewe hana mahali pa kuyaficha. Muuzaji wa methanoli hubeba mtungi mmoja.

Hilo halimaanishi kuwa anayepika kwa kimea hawezi kukosea. Hukosea sana, na makosa yake karibu yote ni ya kununua na kupima.

Mfano rahisi ni huyo wa kopo. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni mwendo wa takriban kilomita 280, na mwenye hamu ya kujipikia bia huagiza kutoka huko au ng'ambo. Atakuta bidhaa mbili. Ya kwanza ni rojo, ambayo kiasi cha asilimia 20 ni maji. Ya pili ni poda, yaani rojo iliyokaushwa hadi ikawa kama maziwa ya unga. Mnunuzi asiyejua hutazama bei ya kilo na kuchukua iliyo rahisi. Hesabu yenyewe haiko hivyo. Kilo moja ya rojo ikiyeyushwa hadi ipatikane lita moja huinua uzito wa maji kwa takriban alama 300 katika kipimo cha haidromita, ilhali kilo moja ya poda huinua kwa alama 365 au zaidi kidogo. Kwa hiyo poda ikiuzwa ghali kwa sehemu moja ya tano zaidi ya rojo, bei ni ileile. Ikizidi hapo, rojo ndiyo nafuu, mradi mnunuzi akumbuke kwamba basi hutoza mzigo kwa uzito na kwamba kopo la rojo hubeba maji ambayo Isiolo angeweza kuyapata mwenyewe.

Kisha kuna kosa la mkebe. Rojo ya kimea ni nzito kuliko maji, na lita moja yake huwa na kilo moja na gramu 400 hivi. Mtu aliyeelezwa atie kilo moja na nusu katika ndoo ya lita 20, naye akapima kwa jagi la lita, atatia lita moja na nusu, yaani kilo mbili na gramu 100. Kwa kipimo sahihi, alama 300 zikizidishwa kwa moja na nusu na kugawanywa kwa 20 hutoa alama 22 na nusu. Hamira ikila robo tatu yake, kinywaji kitakuwa na alkoholi ya asilimia mbili na nukta mbili. Kwa jagi, alama hupanda hadi 31 na nusu, na alkoholi hadi asilimia tatu na nukta moja. Ndoo ni ileile, mpishi ni yuleyule, na ladha haitofautiani sana kwa ulimi wa kawaida, lakini nguvu imezidi kwa asilimia 40. Mnywaji aliyezoea vikombe vitatu atashangaa kwa nini leo njia ya nyumbani ina makona mengi.

Kosa la tatu ni la lugha, nalo ni la hapa kwetu hasa. Maelekezo ya kigeni yanaposema kimea kikavu yanakusudia poda ile ya rojo, ambayo ni sukari tupu iliyo tayari kuliwa na hamira. Sokoni Isiolo, mtu akiomba unga wa kimea atapewa wimbi au mtama uliochipuzwa, ukakaushwa na kusagwa. Huo bado ni wanga. Unahitaji maji ya joto la nyuzi 65 hivi kwa muda wa saa moja ili vimeng'enya vilivyomo vigeuze wanga kuwa sukari. Anayeumwaga katika maji yanayochemka huviua vimeng'enya hivyo, akapata uji mzito ambao hamira haiuwezi. Na anayeuyeyusha katika maji baridi kwa kufuata maelekezo ya poda hupata tope.

Wapishi wa busaa hawafanyi kosa hilo, na hapa elimu ya jadi inastahili heshima yake. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati hadi ugeuke rangi ya kahawia. Baada ya kupoa ndipo huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kimea huingia mwisho, penye ubaridi, kwa sababu ndicho chenye uhai. Hakuna mama anayetamka neno kimeng'enya, lakini mpangilio wa kazi yake unalijua. Alichokosa ni namba.

Namba hukosekana tangu sokoni. Gorogoro lilianza kama kopo la mafuta ya kupikia ya kilo mbili, na kwa mahindi watu wengi hulichukulia kuwa kilo mbili hata sasa. Kimea si mahindi. Nafaka ikichipuzwa na kukaushwa hupoteza sehemu ya uzito wake huku ikibaki na umbo lilelile, hivyo kopo moja la kimea kizuri huwa jepesi kuliko kopo la nafaka mbichi. Kimea ambacho hakikukauka vizuri huwa kizito kwa maji. Mnunuzi anayepima kwa kopo hulipia maji bila kujua, na mara nyingi hukifurahia kile kizito akidhani amependelewa. Kopo lenyewe laweza kuwa limebonyezwa tumbo au kitako, hila ambayo kila mnunuzi wa nafaka nchini anaijua na ambayo imekuwa kama mzaha wa kitaifa.

Hasara hiyo si ya fedha tu. Kimea chenye unyevu huota ukungu, na ukungu katika nafaka si jambo la kucheza nalo. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Hawakuwa wamekunywa pombe. Walikula ugali. Jambo linalopaswa kuwatia wasiwasi maafisa wa afya ni kwamba mahindi yaliyokataliwa na mpishi wa ugali huuzwa kwa bei ya chini, na anayetafuta bei ya chini mara nyingi ni mpishi wa busaa. Kuchacha hakuiondoi sumu hiyo yote, na kukaanga kwenye bati hakuiondoi yote pia. Hiyo ndiyo hatari ya kweli iliyo ndani ya chungu, na askari akimwaga pipa haioni kwa sababu haina rangi wala harufu ya pekee.

Rojo ya kopo ina afadhali hapo, kwa kuwa nafaka yake huchunguzwa kabla ya kuingia kiwandani. Lakini nayo ina adui wake, na adui huyo ni jua la Isiolo. Rojo iliyokaa dukani katika joto kwa miezi hugeuka kuwa nyeusi na ladha yake hukaribia ile ya sukari iliyoungua. Anayenunua atazame tarehe kabla ya kutazama bei. Poda huvumilia zaidi mradi isiguswe na unyevu, kwani ikiguswa hushikana kama jiwe.

Joto huingia hata katika kipimo. Haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminiko, nyingi zake hutengenezwa zisome sawasawa maji yakiwa na nyuzi 20. Mchana wa Isiolo ndoo huwa na nyuzi 30 bila kuwekwa jikoni, na hapo kipimo husoma pungufu kwa alama mbili na nusu hivi. Mpishi akipima mwanzo penye joto na mwisho penye ubaridi wa alfajiri, hesabu yake ya alkoholi itapotoka kwa takriban theluthi moja ya asilimia. Akipima mara zote mbili katika joto lilelile, kosa hujifuta lenyewe. Joto hilohilo huifanya hamira ya bia, ambayo hupendelea nyuzi 18 hadi 22, ifanye kazi kwa pupa na kuacha ladha kali, na hiyo ndiyo sababu ndoo hufungwa gunia bichi na kuwekwa pembe ya nyumba yenye kivuli.

Kwa nini mambo haya ya jikoni yawe habari ya taifa? Kwa sababu nchi nyingine zilikwisha kupita hapa, na zilikotokea kunafunza. Marekani ilipopiga pombe marufuku kati ya 1920 na 1933, viwanda vya bia vilivyokuwa vikifa njaa viligeukia kuuza rojo ya kimea katika makopo. Anheuser-Busch ilikuwa mojawapo. Rasmi, ilikuwa ya kuokea mikate. Nchi ikauza makopo mengi kuliko ambavyo mikate ingeweza kueleza, na kila mtu alijua. Sheria haikuweza kukamata kopo kwa kuwa kopo lilikuwa chakula. Marufuku ilipoondolewa, bia ya nyumbani iliachwa nje ya sheria, na ikachukua hadi Oktoba 1978 kwa Rais Jimmy Carter kutia saini sheria ya kuiruhusu. Ruhusa hiyo ilikuja na kipimo: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 kwa yenye wawili au zaidi, na marufuku ya kuuza. Uingereza ilikuwa imekwisha kufuta leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963, nayo kwa sharti hilohilo la kutouza.

Ni kweli kwamba mfano huo haumfai Mama Pima moja kwa moja. Mwamerika wa 1978 alikuwa anapika kwa kujifurahisha, na ukimwambia asiuze hukumnyima kitu. Mwanamke wa Isiolo anapika ili auze. Ruhusa ya kunywa bila kuuza ingemfaa mwajiriwa mwenye nyumba ya kupanga na kopo lake kutoka Nairobi, na kumwacha mama wa gorogoro palepale alipo. Kungekuwa na haki moja kwa mwenye kopo na nyingine kwa mwenye kopo la kupimia.

Serikali yenyewe haikatai kwamba kipimo kinawezekana. Kusini-magharibi mwa Isiolo, barabara inapopanda kuelekea Nanyuki, kuna mashamba ya shayiri ya Timau. Shayiri ya huko hununuliwa kwa ajili ya kimea cha kiwanda, na mkulima hulipwa kwa kilo baada ya unyevu na uwezo wa kuchipua kupimwa. Punje zikizidi maji, mzigo hurudishwa. Mwaka 2004 serikali ilipunguza ushuru wa bia ya Senator iliyouzwa katika mapipa, kwa hoja kwamba mnywaji maskini apate kinywaji salama badala ya chang'aa, na baadaye mtama wa wakulima wa mashariki mwa nchi ukaingizwa katika utengenezaji wake. Nafuu hiyo ilipokatwa kwa nusu mwaka 2013 mauzo ya bia hiyo yaliporomoka, na wakulima wa mtama wakabaki na magunia. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya nafuu ikarejeshwa. Na Desemba 2024 mabadiliko ya sheria za kodi yaliacha kutoza bia kwa lita yakaanza kutoza kwa kiasi cha alkoholi halisi iliyomo, hivyo bia kali ikalipa zaidi na nyepesi ikalipa kidogo.

Hatua hiyo ya mwisho ilipita bila kelele nyingi, ingawa ndiyo yenye maana kuliko zote kwa hoja hii. Ushuru wa bia ulimtaka mtengenezaji aseme nguvu ya kinywaji chake kwa namba. Kama serikali inaamini kwamba alkoholi ndiyo ya kupimwa, wala si chombo, imani hiyo haina sababu ya kuishia kwenye lango la kiwanda.

Katiba ya 2010 iliwapa wanaotaka kuifikisha mbali zaidi chombo cha kufanyia kazi. Jedwali la Nne liliweka leseni za pombe mikononi mwa serikali za kaunti. Jedwali hilohilo liliwapa kaunti masoko na biashara ya haki. Maana yake ni kwamba ofisi za kaunti moja ndizo zenye mamlaka juu ya mwanamke anayepika na juu ya kopo alilopimiwa kimea. Mpaka sasa, kama ilivyo katika kaunti nyingi, pande hizo mbili hukutana tu pale mmoja anapomwaga na mwingine anapotoza ushuru wa soko.

Kuna pingamizi nzito, na si haki kuzipuuza. Viongozi wa dini watauliza ni vipi kaunti yenye Waislamu wengi itumie fedha za umma kumfundisha mtu kupika pombe bora. Wazazi watasema kinywaji kilichopimwa vizuri bado ni kinywaji, na kwamba mume anayemaliza mshahara kwa busaa safi humaliza mshahara uleule. Wahudumu wa afya watakumbusha kwamba alkoholi ya namba inayojulikana nayo huharibu ini. Yote hayo ni kweli. Lakini mizani ya kimea sokoni haimlazimu Mwislamu kugusa pombe. Inampa uzito halali wa kimea cha uji wa mwanawe, na inamwonyesha yeyote anayepita kama nafaka ni kavu au imeloa. Ni vigumu kupata hatua nyingine ya kudhibiti pombe ambayo shehe na Mama Pima wangeweza kunufaika nayo siku moja.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Mama Pima akikubali kupimiwa, atakuwa amejitokeza. Tangu 1980 amejifunza kwamba afisa anayekuja na kalamu hufuatwa na mwingine anayekuja na rungu, na pipa lililomwagwa hubeba karo ya muhula mzima. Hatampeleka mtoto wake kuuliza bei ya haidromita kwa watu walewale. Kabla ya kipimo chochote kufika jikoni kwake, kaunti italazimika kutangaza kwa maandishi ni kiasi gani cha busaa mtu anaweza kupika bila kukamatwa, kwa nguvu ipi na kwa nafaka ipi, kisha askari walisome tangazo hilo.

Kwa sasa utaratibu ni ule wa siku zote. Basi la asubuhi kutoka Nairobi hushusha vifurushi, na kopo lenye maandishi ya kilo moja na nusu hutiwa saini na mwenyewe akaenda zake. Hatua chache kutoka hapo, gorogoro hujazwa kimea, hutikiswa kidogo ili kishuke, huongezwa kiganja kimoja juu, na mnunuzi hukibonyeza kwa kidole kusikia kama kimekauka.